Kabla ya Kufunga Mizigo: Kuchagua Miji na Mandhari ya Kutembelea

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Parklands, Highridge, Ngara na Westlands kuhusu utalii wa ndani



Likizo ya Agosti inapokaribia, na ile ya Desemba vilevile, mjadala mmoja huzuka katika nyumba nyingi za Nairobi. Mmoja anataka Mombasa kwa sababu jirani alikwenda. Mwingine anataka kuona simba. Nyanya anasema afadhali Kisumu, akawaone ndugu zake. Mwenye mfuko anauliza bei, na hapo mazungumzo yanaishia. Mara nyingi uamuzi hufanywa siku mbili kabla ya safari, wakati tiketi za treni zimekwisha na vyumba vya bei nafuu vimejaa. Pesa zilizowekwa kwenye chama mwaka mzima huliwa na barabara, na watu hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Mazungumzo haya hayatataja mahali pamoja na kusema hapo ndipo pazuri kuliko kwingine kote. Kenya ina majiji matano sasa: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililopewa hadhi hiyo Desemba 2021, na Eldoret lililofuata Agosti 2024. Karibu na kila jiji pana msitu, ziwa, bonde au bahari. Kinachohitajika ni maswali manne ya kujiuliza kabla ya kulipa chochote: siku ni ngapi, msimu ni upi, nani anasafiri, na nani anasimamia mahali pale. Familia inayoyajibu maswali hayo mezani, kalamu mkononi, haitakosa pa kwenda, hata kama mfuko ni mdogo.

Lipo pia jambo la pili, ambalo halisemwi sana. Mahali pa umma pasipotembelewa na wenyeji ni rahisi kupotea. Parklands inalijua jambo hilo kuliko mitaa mingi, na ndiyo sababu safari inafaa ianzie hapa hapa.

Anzia mlangoni

City Park iko kwenye Barabara ya Limuru. Maelfu ya watu huipita kila siku wakienda sokoni, hospitalini, shuleni au kazini. Ndani yake umebaki msitu wa asili, ukuaji wa kale wa Nairobi kabla ya mji kujengwa. Kima huruka kutoka tawi hadi tawi, ndege ni wengi, na miti mikubwa hutoa kivuli mchana kutwa. Humo pia amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 nje ya nyumba yake Westlands. Karibu naye amezikwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyefariki mwaka 1990. Murumbi alitaka alazwe karibu na rafiki yake Pinto.

Mtoto anayeishi umbali wa dakika kumi kutoka kwenye makaburi hayo anaweza kumaliza shule bila kuyaona. Na ilikaribia asiwe na pa kuyaona. Sehemu za bustani hiyo zilimegwa na kuangukia mikononi mwa watu binafsi katika miaka ambayo ardhi ya umma ya Nairobi iligawanywa kama peremende. Wakazi na wapenzi wa mazingira walipaza sauti, na mwaka 2009 City Park ikatangazwa rasmi kuwa sehemu ya urithi wa taifa unaolindwa na sheria.

Mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo kuna Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa wajenzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwaka huo huo Serikali ikasitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Lakini msitu uliookolewa uliendelea kuogopwa kwa miaka kumi zaidi, kwa sababu majambazi waliutumia kuliko wananchi. Ulipowekewa uzio, ukapata walinzi na njia za kutembea na kuendesha baiskeli, watu wakaja. Walipokuja kwa wingi, majambazi hawakupata tena pa kujificha. Leo familia hutembea hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau, na mchana wa Jumapili njia zimejaa watoto.

Kuanzia karibu kuna faida nyingine, nayo ni ya kujipima. Saa tatu ndani ya Karura zitaonyesha nani anapenda kutembea na nani anauliza chakula baada ya nusu saa. Zitaonyesha kama magoti ya nyanya yanaweza kupanda mlima, na kama mtoto wa miaka sita anaogopa wanyama. Afadhali kuyajua hayo kwa nauli ya matatu moja kuliko kuyajua kilomita 300 kutoka nyumbani.

Upande wa jiji nao una ya kuonyesha. Makumbusho ya Kitaifa kule Museum Hill yanahifadhi mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mtafiti Mkenya. Katikati ya jiji, ndani ya jengo la Nyaraka za Kitaifa, sakafu ya chini ina mkusanyiko wa sanaa na vinyago vya Afrika uliokusanywa na Murumbi yule yule aliyezikwa City Park. Asubuhi mtu anaweza kusimama kaburini pake, na mchana akaona alichoiachia nchi. Karibu na Ikulu kuna bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni iliyohitajiwa na reli. Hizo ni siku tatu za likizo bila kulala nje ya nyumba.

Swali la kwanza: siku ni ngapi?

Watu husema wana siku nne. Ukitoa siku ya kwenda na siku ya kurudi, zinabaki mbili. Hesabu ianzie hapo.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160. Eldoret ni kama kilomita 310, Kisumu kama 350, na Mombasa kama 480. Kanuni inayosaidia ni hii: mwenye siku moja asiende mbali zaidi ya saa moja na nusu kwa upande mmoja. Mwenye siku mbili asipite saa tatu. Kisumu, Eldoret na Pwani zinafaa mwenye siku nne au zaidi.

Kwa siku moja yapo mengi. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ya kwanza nchini, ina simba na vifaru huku majengo ya jiji yakionekana nyuma yao. Vilima vya Ngong vina upepo na mandhari ya Bonde la Ufa. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ina maelfu ya mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, mengi yakiwa yameachwa pale pale yalipopatikana. Upande wa Thika kuna maporomoko ya Fourteen Falls na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Naivasha nako kuna Mlima Longonot na Mbuga ya Hell's Gate, ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia.

Mwenye nia ya kwenda Mombasa kwa treni ya Madaraka Express akumbuke vipande viwili vya safari vinavyosahaulika. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, na mtu wa Parklands lazima avuke jiji lote kukifikia. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, na pale inahitajika nauli nyingine. Treni yenyewe huchukua saa tano hadi sita. Ukijumlisha vipande vyote, siku imekwisha. Si sababu ya kutokwenda, ila ni sababu ya kukaa zaidi ya usiku mmoja ukishafika.

Swali la pili: msimu ni upi?

Picha kwenye simu haisemi ilipigwa mwezi gani. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Nchi ina sehemu zenye hali tofauti kabisa siku moja hiyo hiyo: Julai, mkazi wa Nairobi anavaa sweta na wa Lodwar anatafuta kivuli.

Pwani inatawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na bahari huchafuka, mwani ukatupwa ufukweni. Kaskazi huvuma kuanzia kama Novemba hadi Machi, maji yakatulia na kuwa maangavu. Anayekwenda kuogelea na kutazama samaki wa matumbawe ana sababu ya kungoja Kaskazi. Anayekwenda kutembea Mji wa Kale na kula biriani hana tatizo na Agosti, kwa kuwa jua si kali sana.

Maasai Mara hupokea makundi ya nyumbu kutoka Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Hata hivyo, hakuna dereva anayeweza kuahidi kwamba nyumbu watavuka mto siku fulani saa fulani. Anayetoa ahadi hiyo anauza asichomiliki.

Nakuru ni somo jingine. Kwa miaka mingi ziwa lake lilijulikana duniani kwa heroe, wale ndege wa waridi, waliofunika ufuo mzima. Kuanzia kama mwaka 2010 maji yakapanda, yakafunika barabara na lango kuu la zamani, na chumvi ya ziwa ikapungua. Vijimea ambavyo heroe hula vikapungua pia, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine, Bogoria likiwamo. Mbuga bado ni nzuri, ina vifaru, twiga na miti mirefu ya migunga. Lakini aliyekwenda kwa ajili ya picha ya mwaka 1990 alirudi akilalamika. Piga simu kwanza, uliza kinachoonekana mwezi huu.

Msimu pia ni suala la uhai. Septemba 2019, kundi la wageni lilizolewa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo jembamba la Hell's Gate, na watu kadhaa wakafa. Maji yalikuja kutokana na mvua iliyonyesha juu, mbali na pale walipokuwa. Kwa hivyo kutazama anga la juu ya kichwa hakutoshi. Wingu jeusi likionekana upande wa vilima, au askari wa wanyamapori akisema korongo limefungwa, safari ya korongoni imekwisha siku hiyo. Aprili na Mei 2024 barabara nyingi zilikatika kwa mafuriko. Mwenye kupanga safari ya masika aulize hali ya barabara kabla ya kuuliza bei ya hoteli.

Swali la tatu: nani anasafiri?

Orodha ya wasafiri iandikwe, na kando ya kila jina iandikwe umri, afya na jambo moja analotaka kuona. Mlima Longonot una urefu wa mita zaidi ya 2,700 na njia yake ni ya vumbi na mteremko mkali. Kijana wa miaka kumi na minne ataufurahia, bali mwenye shinikizo la damu asilazimishwe. Iten, karibu na Eldoret, iko juu sana kiasi kwamba wanariadha huenda huko kufanya mazoezi ya pumzi. Mtu mwenye pumu anapaswa kumwuliza daktari kwanza.

Jambo la malaria lichukuliwe kwa uzito. Nairobi hakuna malaria nyingi, na kwa hiyo watoto waliozaliwa na kukulia hapa hawana kinga ambayo wenzao wa maeneo yenye ugonjwa huo huijenga. Kisumu, Kakamega na Pwani ugonjwa upo. Uliza kituo cha afya kuhusu dawa za kujikinga kabla ya kusafiri, laleni ndani ya neti, na mvae mikono mirefu jioni. Dalili zinaweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati familia imesharudi Parklands na watoto wako darasani. Homa yoyote baada ya safari hiyo ipimwe siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mlikotoka.

Swali la nne: nani anasimamia?

Swali hili ndilo linalookoa pesa nyingi. Mbuga za kitaifa ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Makumbusho na magofu ya kale yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hifadhi kadhaa, kama Maasai Mara na Bogoria, zinasimamiwa na serikali za kaunti. Kila msimamizi ana viwango vyake vya kiingilio na njia yake ya kulipa, na maeneo mengi hayapokei pesa taslimu langoni. Viwango hubadilika, kwa hivyo vithibitishwe kwa msimamizi mwenyewe, si kwa rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Mfano mzuri ni Msitu wa Kakamega. Sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, iko chini ya KWS. Upande wa Isecheno uko chini ya KFS. Msitu ni ule ule, malango ni tofauti. Aliyelipia lango moja asitarajie kupita la pili.

Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, lakini lazima athibitishe uraia. Bebeni vitambulisho, na za watoto ziwe kadi za shule au nakala za vyeti vya kuzaliwa. Ulizeni pia kuhusu gari. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru na Mbuga ya Nairobi wageni hawaruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo kati ya wanyama, kwa hivyo anayefika langoni kwa matatu atahitaji gari la kukodi, na gari lenyewe hulipiwa kuingia. Familia nyingi hupanga bajeti ya kiingilio na kusahau gari.

Kuhusu malazi na kampuni za safari, msimu wa likizo ndio msimu wa matapeli. Nyumba nzuri ya ufukweni kwa nusu bei, yenye mwenyewe anayetaka pesa zote leo kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, huenda haipo kabisa. Uliza leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ongea na mtu kwa simu ya video akiwa ndani ya nyumba, na lipa kwa akaunti yenye jina la biashara.

Jiji na jirani yake

Njia rahisi ya kumaliza ugomvi wa anayetaka mji na anayetaka msitu ni kuchagua vyote viwili kwa pamoja.

Nakuru: jiji dogo lenye soko zuri, Mbuga ya Ziwa Nakuru pembeni kabisa, na kreta ya Menengai kaskazini mwa mji. Hapa kuna safari ya siku mbili bila kukimbizana.

Kisumu: jiji lililozaliwa na reli iliyofika ziwani mwaka 1901. Kuna samaki wa kukaanga kando ya Ziwa Victoria, mashua za Dunga, makumbusho yenye boma la Kijaluo, kisha Msitu wa Kakamega kama mwendo wa saa moja na nusu hivi. Huo ndio msitu pekee wa mvua wa aina ya Afrika ya Kati na Magharibi uliobaki Kenya, na mbega wake hawafanani na kima wa City Park.

Eldoret: wazee bado huliita "Sixty-Four", kwa sababu ya nambari ya shamba ambako mji ulianzia. Kutoka pale unafika Iten, ambako ardhi inakatika ghafla na Bonde la Kerio kufunguka chini ya miguu. Asubuhi utawapisha njia mabingwa wa mbio.

Mombasa: Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na vichochoro vya Mji wa Kale. Ukivuka kwenda kusini kuna Shimba Hills, hifadhi yenye msitu, tembo na palahala, mnyama ambaye hapatikani kwingine nchini. Ukielekea kaskazini kuna magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yakipakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa familia ya watu watano ya Highridge: baba, mama, nyanya mwenye maumivu ya magoti, kijana wa miaka kumi na minne na mtoto wa miaka sita. Wana siku nne za Agosti na akiba ya chama. Shauri la kwanza ni Mombasa.

Wanaandika mistari sita: nauli, kiingilio, gari la ndani, malazi, chakula, dharura. Mombasa inakula siku mbili njiani, bahari ya Agosti imechafuka, na tiketi za treni za daraja la bei nafuu zimebaki za saa za usiku. Nyanya hawezi kutembea mchangani mbali. Nakuru inakula nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Ndani ya mbuga nyanya atakaa garini akaona kifaru sawasawa na wengine, mtoto atafurahi, na kijana atapewa asubuhi yake ya kupanda Menengai na baba. Wanalala usiku mbili na kubakiza siku moja ya kupumzika nyumbani. Akiba iliyobaki haitumiki. Inawekwa kwa ajili ya Pwani, na tiketi za Desemba zitatafutwa mara tu zitakapoanza kuuzwa.

Familia nyingine ingepata jibu jingine kwa maswali yale yale. Aliye na ndugu Kisumu hana gharama ya malazi, na hilo hubadilisha hesabu yote.

Mkifika

Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji za plastiki, vijiko na vikombe vya kutumika mara moja ni marufuku katika mbuga, fuo na misitu inayolindwa. Bebeni chupa za kudumu. Msiwape kima chakula, hata pale City Park. Kima aliyezoea ndizi za wageni hujifunza kunyang'anya, na wa kwanza kukwaruzwa ni mtoto. Mwajirini mwongozaji wa eneo lile. Yeye anajua ndege yuko mti gani, na shilingi mnazompa zinampa kijiji sababu ya kuulinda msitu.

Kilicho hatarini

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo, viwanja vya burudani na utalii wa mashinani. Jukumu hilo lina pande mbili. Kaunti inapaswa kutunza, na mkazi anapaswa kutumia, kuuliza na kushtaki panapoharibika. Kila mwaka, kabla ya bajeti mpya kuanza Julai, kunafanyika vikao vya ushirikishaji wa umma. Mstari wa taa, vyoo na walinzi wa bustani hupata pesa kirahisi zaidi pale wakazi waliokuja kikaoni wanapojua bustani yenyewe: lango gani limevunjika, njia gani haina taa, uzio uko wapi na haupo wapi. Anayejua hayo ni yule aliyepita pale Jumamosi iliyopita.

Mnyakuzi wa ardhi hutafuta mahali ambapo hakuna atakayeona kigingi kipya kikichomekwa. Karura ilipata macho maelfu, na City Park inayahitaji kila wiki. Vivyo hivyo kwa Kakamega, Arabuko-Sokoke na fuo za umma za Pwani. Familia inayolipa kiingilio na kurudi nyumbani na hadithi imeongeza jozi ya macho.

Kwa hivyo likizo hii itakapofika, kaeni mezani na kalamu. Andikeni siku, msimu, majina ya wasafiri na msimamizi wa mahali. Kama mfuko hautoshi kwenda mbali, haujafunga mlango. Lango la City Park liko kwenye Barabara ya Limuru. Wapelekeni watoto wakasome majina ya Pinto na Murumbi kwenye mawe, wahesabu kima, kisha mkirudi nyumbani wachague wao safari inayofuata.